Tukimdanganya mtoto kuhusu mwezi, atatuamini vipi kuhusu Akhera?

KILA sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, makala haya naanza kwa kukiri kosa. Nafundisha Maarifa ya Uislamu shuleni hapa Dar es Salaam, na jioni nafundisha madrasa. Jioni moja, mwanzoni mwa mwezi wa Shaaban, niliwapa watoto wadogo, wa miaka sita hadi tisa, kazi ya kuchora msikiti na mwezi mwandamo. Kusema kweli nilifanya hivyo ili watulie, nipate kuwasikiliza wakubwa wao surah zao. Walipomaliza nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza kusahihisha.

Karibu wote waliuchora mwezi kama tunavyouona kwenye kalenda na kadi za Idd: umesimama wima, mgongo upande mmoja na pembe upande wa pili. Mtoto mmoja wa miaka saba aliuchora umelala chali, pembe zote mbili zinatazama juu, mfano wa dau lililotia nanga bahari ikiwa shwari. Nikampiga kosa. Pembeni nikaandika: "Mwezi hauko hivi."

Akaja mezani na daftari lake. "Ustadh, mimi nimeuona. Jana nilikuwa na babu. Umelala hivi hivi." Nikamwambia arudi akatazame ukutani, kwenye kalenda. Akarudi, akafuta, akachora upya mwezi uliosimama, akaniletea. Nikampa vema.

Jioni ya pili yake, nikitoka msikitini baada ya Maghrib, nilinyanyua macho upande wa magharibi, juu ya mapaa ya mabati. Mwezi wa siku tatu ulikuwa pale. Umelala chali, pembe zote mbili juu, kama dau. Nilisimama na kandambili zangu mkononi mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Nina umri wa miaka thelathini na kitu, na aya za jua na mwezi nimekuwa nikizisoma tangu nikiwa na umri wa mtoto yule. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nikiusoma mwezi bila kuutazama. Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, yeye alikuwa na shahada ya macho yake, na nikamlazimisha aifute.

Hapana shaka atakuwepo msomaji atakayesema kuwa nakuza jambo dogo. Mchoro tu wa mtoto! Lakini tujiulize, mtoto yule alijifunza nini jioni ile? Alijifunza kwamba macho yake yakitofautiana na mwalimu, kinachofutwa ni macho. Alijifunza kwamba vema haitolewi kwa ukweli, hutolewa kwa kukubaliana na mwenye kalamu nyekundu. Nilimfundisha ushahidi wa uongo, kisha nikamtuza. Hilo si kosa la elimu ya falaki. Ni kosa la akhlaqi.

Na kwa faida ya wale ambao, kama mimi, wamezoea mwezi wa kalenda, naeleza kwa nini mtoto alikuwa sahihi. Sehemu ya mwezi inayong'aa ni ile inayoelekea jua. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, takriban nyuzi 7 tu kusini yake. Huku kwetu jua na mwezi huteremka karibu wima kuelekea upeo wa macho. Kwa hiyo jioni, jua likishazama, huwa liko chini ya mwezi, na upande wa chini wa mwezi ndio unaong'aa. Ndiyo maana mwezi mchanga mara nyingi hulala kama dau, na katika baadhi ya miezi ya mwaka huinama kidogo upande huu au ule. Katika nchi za Ulaya jua na mwezi huteremka kwa mshazari, ndipo mwezi ukaonekana kama umesimama. Waliochora picha zile walichora walichokiona kwao. Hawakusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi, niliyetoa ushahidi wa kwao kuhusu mbingu ya kwetu.

Swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: mtoto mdogo anaposema au kuuliza jambo kuhusu mbingu, tuna wajibu gani kwake? Je, ni hisani tu kumjibu, jambo la mwalimu mwenye nafasi? Au ni haki yake, ambayo tutaulizwa?

Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, Allah (s.w.) anatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na anatutahadharisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Aya ile haikumtoa mwalimu. Na katika Surat Al-Baqara, aya ya 189, tunaelezwa kuwa watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu miezi miandamo. Swali lile halikukemewa. Liliteremshiwa jibu, kuwa hiyo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu na Hija. Sasa ikiwa swali la mwezi lilistahiki jibu kutoka kwa Mola wa walimwengu, mimi ni nani hata nimwambie mwenye swali arudi akatazame kalenda?

Kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi Waislamu. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia na Idd ikikaribia, tunajadiliana kuhusu mwandamo wa mwezi. Wapo wanaofuata mwandamo wa hapa nchini na wapo wanaofuata mwandamo wa popote duniani. Sitaingia katika suala hilo, masheikh wamelizungumza sana. Ninachosema ni kuwa pande zote mbili zinategemea mtu mmoja: Muislamu mkweli atakayesimama aseme "nimeuona" akiwa ameuona kweli, au aseme "sikuuona" hata kama jamaa zake wote walitamani auone. Mtu huyo tunamtoa wapi? Hatoki mbinguni. Leo ana miaka saba, yuko madrasa, ana daftari na ufutio. Watoto wetu wameujua ugomvi wa mwezi kabla hawajaujua mwezi wenyewe.

Basi siku iliyofuata nilimwita mtoto yule mbele ya wenzake. Nikamwambia: "Mwanangu, wewe uliona, mimi sikutazama. Nimekosea, nisamehe." Darasa zima lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza kwa mshangao, "Ustadh, kumbe na wewe unakosea?" Siku ile nikaamua kuwa tutajifunza mbingu upya, wao na mimi, na kwa kuwa ni watoto, tutajifunza kwa michezo.

Mchezo wa kwanza ni daftari la mwezi. Kila jioni baada ya Maghrib mtoto anatoka nje na mzazi au mkubwa wake, anautazama mwezi na kuuchora kama ulivyo, pamoja na mnazi au paa lililo chini yake. Kanuni ni moja tu: chora ulichokiona. Kukiwa na mawingu andika "mawingu." Ukilala mapema andika "nililala." Vema haitolewi kwa mwezi mzuri, inatolewa kwa ukurasa wa kweli. Ukurasa wa "nililala" ulipata vema sawasawa na kurasa nyingine, na wazazi wawili walinifuata kuniuliza kama nimechanganyikiwa.

Ndani ya wiki mbili watoto waligundua wenyewe mambo ambayo nisingeweza kuwaingiza vichwani kwa fimbo. Waligundua kuwa kila siku mwezi hukutwa umesogea kuelekea mashariki, kwani huchelewa kwa wastani wa kama dakika 50. Waligundua kuwa ukishakuwa mpevu huchomoza mashariki wakati jua linazama magharibi. Baadaye wakaja wakilalamika kuwa mwezi umepotea, hauonekani tena baada ya Maghrib. Sikuwajibu. Siku chache baadaye binti mmoja aliingia anahema: "Ustadh, mwezi nimeuona asubuhi nikienda shule! Upo mchana!" Hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia. Alikuwa shahidi, na alijijua kuwa ni shahidi.

Mchezo wa pili ni wa chungwa na taa. Tulifunga madirisha kwa khanga, tukawasha taa moja mezani iwe jua. Mtoto anashika chungwa lililochomekwa kijiti, juu kidogo ya kichwa chake. Kichwa ni dunia, chungwa ni mwezi. Akilishika upande wa taa, upande wa chungwa unaomtazama ni giza. Akigeuka polepole, anaona ukingo mwembamba unang'aa, kisha nusu, kisha akiipa taa mgongo analiona chungwa zima limejaa mwanga, halafu linapungua tena. Hapo nikawasomea Surat Yasin, aya ya 39, inayoeleza jinsi mwezi ulivyowekewa vituo hata ukarudi kuwa kama karara kuukuu la mtende. Wengi wao walikuwa wameihifadhi aya ile. Mmoja akapiga kelele, "Kumbe ndiyo hii!" Ndugu zangu, nimehudhuria mihadhara mingi ya tafsiri, lakini sikumbuki kusikia tafsiri ikipokelewa kwa furaha kama ile.

Mchezo wa tatu ni wa mipira uwanjani. Ukichukua mpira wa miguu ukasema ndio dunia, mwezi ni kama mpira wa tenisi. Niliwauliza watoto wauweke mpira mdogo mahali pake. Wote waliuweka karibu, shubiri moja au mbili. Kisha tukapiga hesabu. Mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400, ambazo ni kama upana wa dunia mara 30. Kwa mpira wetu ni mita 6 na nusu hivi, hatua tisa za mtu mzima. Mtoto alipotembea hatua zile na mpira wa tenisi mkononi, wenzake waliacha kucheka. Wakauliza jua je? Nikawaambia kwa kipimo hicho jua lingekuwa na upana wa mita 24, refu kuliko nyumba ya ghorofa sita, na ingebidi tutembee nusu saa kulifikia. Mtoto mmoja akasema taratibu, bila kuambiwa na mtu, "Subhanallah."

Mchezo wa nne hauhitaji hata mpira. Unasimika kijiti uani, unaweka alama ya kivuli kila baada ya muda. Watoto waliona kivuli kikifupika hadi Adhuhuri kisha kikirefuka, wakaelewa Alasiri inapatikanaje bila saa ya ukutani. Hapa Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli cha kijiti kilichonyooka hutoweka kabisa adhuhuri. Na kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua hupita juu ya Al-Kaaba yenyewe. Ni takriban saa 6 na dakika 18 mchana kwa Mei na saa 6 na dakika 27 kwa Julai, kwani saa zetu na za Makka ni sawa. Dakika hiyo, ukikipa mgongo kivuli chako, umeelekea Qibla. Watoto walikwenda kuipima mihrabu ya msikiti wetu kwa kijiti. Walirudi na furaha kama wamefika Makka.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtoto afundishwe kabla ya mchezo wowote kuwa jua halitazamwi kwa macho, si kwa miwani ya kawaida wala kwa kioo. Tunatazama kivuli chake tu.

Mambo haya hayakupokelewa na wote. Maalim wangu, mzee aliyenifundisha alifu na be na ambaye bado anafundisha pamoja nasi, aliniita pembeni. "Mwanangu," aliniambia, "watoto hawa wameletwa kuhifadhi, hawakuletwa kucheza na machungwa. Na jambo la pili, mtoto anayemkosoa mwalimu wake leo, kesho atamkosoa baba yake." Maneno ya maalim hayatupwi. Nilikaa nayo siku kadhaa.

Kuhusu kucheza, nilimjibu kwa adabu kuwa mwalimu wetu sote (s.a.w.) hakuona aibu kufundisha kwa vidole. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa alipoeleza idadi ya siku za mwezi alinyoosha vidole vyake vyote mara tatu, na safari ya tatu akakunja dole gumba kuonesha kuwa mwezi unaweza kuwa wa siku 29. Hilo ni somo la mwezi kwa kutumia viganja! Mara nyingine alichora mistari kueleza matumaini ya mwanadamu na ajali yake. Alimwacha Bibi Aisha (r.a.) acheze na wanasesere wake. Alimuuliza mtoto Abu Umair habari za ndege wake mdogo. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ujumbe wa walimwengu wote mabegani mwake, na bado alipata nafasi ya ndege wa mtoto. Sisi wenye vipindi viwili kwa jioni tumekosa nafasi?

Kuhusu adabu, nakubaliana na maalim kuwa ni nguzo. Lakini adabu ni namna ya kusema ulichokiona, si kukificha. Mtoto yule alikuja na daftari, akaniita Ustadh, akasema kwa sauti ya chini. Adabu yake ilikuwa kamili. Adabu iliyokosekana ni ya mwalimu mbele ya haki. Imam Malik (r.a.), pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kusema "sijui" bila kuona haya. Mimi niliona haya mbele ya mtoto wa miaka saba.

Lakini pingamizi lililonisumbua kuliko yote halikutoka kwa maalim. Lilitoka kwa mtoto. Baada ya wiki kadhaa za kanuni yetu ya "sema ulichokiona," kijana mmoja wa miaka tisa aliniuliza: "Ustadh, Pepo umeiona?" Nikasema hapana. "Na Malaika?" Hapana. "Sasa kwenye daftari tuandike nini?"

Msomaji, hili si swali la kitoto. Wapo wazazi wanaoogopa elimu ya anga kwa sababu hiyo hiyo. Wanahofu kuwa mtoto akizoea kupima na kuona, atakuja kukataa asichokiona, na imani yetu imesimama juu ya ghaibu. Kama nilikuwa naijenga akili ya mtoto kwa mkono mmoja na kuibomoa imani yake kwa mkono mwingine, basi heri ningeyaacha machungwa yale sokoni.

Jibu nililipata katika sira. Mtume (s.a.w.) alipoamrishwa kulingania kwa dhahiri, alipanda mlima Safa akawaita Makuraishi. Kabla ya kuwaambia lolote kuhusu adhabu ya Akhera, aliwauliza kama wangemsadiki endapo angewaambia kuwa nyuma ya mlima kuna wapanda farasi wanataka kuwavamia. Wakajibu kuwa wangemsadiki, kwani hawakuwahi kumjua kwa uongo. Hapo ndipo alipowaonya kuhusu adhabu. Tuangalie mpangilio ule. Aliyekuwa juu ya mlima aliona wasichokiona wao waliokuwa bondeni, na sababu ya kumsadiki ni miaka arubaini ya ukweli katika mambo waliyoweza kuyahakikisha: biashara, amana, maneno. Aliitwa Al-Amin kwa yanayoonekana kabla hajaleta habari za yasiyoonekana.

Kwa hiyo nilimwambia kijana yule: "Mwanangu, Pepo sijaiona, na katika daftari la macho hatutaiandika. Lakini aliyetuletea habari zake hakuwahi kusema uongo, hata maadui zake walikiri hivyo. Yapo tunayoyajua kwa kuona, na yapo tunayoyajua kwa kumuamini mkweli. Wewe hukuwahi kufika Makka, lakini unaielekea kila siku mara tano." Alifikiri kidogo, akakubali. Usiku ule mimi ndiye sikulala vizuri. Kwani nilielewa kuwa mtoto ananiamini kuhusu Pepo kwa kiasi kile kile anachoniamini kuhusu mambo anayoweza kuyahakikisha mwenyewe. Nikimdanganya kuhusu mwezi, ambao kesho atautazama juu ya paa la nyumba yao, nimeuvunja mlima ninaotaka kusimama juu yake nimuite kwa Allah.

Na Mtume (s.a.w.) alituonesha jambo hili katika siku ngumu kabisa. Mwaka wa 10 Hijria, sawa na mwaka 632, alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo. Siku ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikiria, baba mwenye majonzi, na watu wanasema mbingu yenyewe inaomboleza pamoja naye. Angeweza kunyamaza tu, na wengi wangezidi kumtukuza. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, na akawaelekeza katika sala na dua. Hakukubali dini ipate heshima kwa habari isiyo ya kweli kuhusu mbingu, hata pale habari hiyo ilipomliwaza yeye mwenyewe.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliandika akiizungumzia mada hii hii ya kupatwa kwa jua na mwezi, kuwa anayedhani anaitetea dini kwa kukanusha mambo ya falaki yaliyothibitishwa kwa hesabu, huyo anaidhuru dini. Mwenye kuijua hesabu ile hataitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Karne tisa zimepita, na bado wapo wanaosimama mbele ya watoto na kukanusha umviringo wa dunia kana kwamba ni nguzo ya imani, wakati Ibn Hazm alishaandika katika karne ya tano Hijria kuwa maimamu wa elimu hawakuukanusha.

Sisi hupenda kujisifu kwa wazee wetu. Tunawataja Al-Biruni, Ibn al-Haytham na Abdulrahman As-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota katika karne ya nne Hijria. Tunasema kuwa nyota nyingi hadi leo zina majina ya Kiarabu katika vitabu vya Wazungu, na ni kweli. Hapa hapa pwani ya Afrika Mashariki, tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti ya kuchunguza anga ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikuwa angani ndani ya mwezi wa Ramadhani, na maulamaa wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa kusali akiwa huko. Yote haya ni mazuri kuyajua. Lakini sifa za babu hazimshibishi mjukuu. As-Sufi hakuwa mkubwa kwa sababu alijisifia waliomtangulia. Alikuwa mkubwa kwa sababu alizitazama nyota za kitabu cha Ptolemy kwa macho yake, na alipokuta makosa aliyasahihisha. Laiti mwalimu wake wa utotoni angempiga kosa!

Wazazi, wengi wenu mnadhani elimu ya namna hii inahitaji shule ya gharama na vifaa kutoka nje. La hasha. Inahitaji chungwa, taa, kijiti na dakika kumi baada ya Maghrib kabla ya kuwasha televisheni. Na zaidi ya hayo inahitaji mzazi aliye tayari kusema, "Sijui mwanangu, twende tukatazame." Maneno hayo hayamshushi baba. Yanamfanya mtoto ajue kuwa ukweli uko juu ya wote wawili.

Maalim wangu hajakubaliana nami katika yote. Bado anahofia juzuu za watoto, na ana haki, kwani kipindi cha kuhifadhi tumekilinda hatukukigusa. Lakini usiku mmoja wa mtihani wa daftari alitoka nje na fimbo yake, akawaonesha watoto Kilimia, akawaeleza jinsi wazee wa pwani walivyokitazama kujua msimu wa kulima. Baba yake ndiye aliyemuonesha, alisema. Watoto walimzunguka hadi adhana ya Isha. Nimefahamiana na mzee yule zaidi ya miaka ishirini, na sikuwa najua kuwa anazijua nyota. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na yule mtoto wa mwezi uliolala? Anaendelea vizuri, alhamdulillah, na daftari lake ni miongoni mwa madaftari bora. Ila kuna jambo moja naliona na linaniuma. Hadi leo, kabla hajaanza kuchora, hunyanyua kichwa kwanza akanitazama usoni. Hutazama uso wangu, kisha ndipo hutazama mbingu. Ukurasa ule niliusahihisha baada ya siku mbili. Mazoea yale sijui yatachukua miaka mingapi.

Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, atusamehe tulipowafunga macho watoto wetu kwa jina la kuwafundisha, na atupe ndimi za kweli katika tunayoyaona na tunayoyaamini.

Wabillahi Tawfiq.